Nthoki na Katikati ya Karatasi

Wasikilizaji wapendwa, msizungushe kitufe. Redio zenu hazijaharibika. Sauti hii ya msumeno si ya mtangazaji wenu wa kila Jumapili. Yeye amekaa hapa kando yangu, amenipisha kwenye kiti chake, kwa sababu kipindi hiki ni cha kuwakumbuka watu wetu, na leo anayekumbukwa ni mke wangu. Basi leo mwenyeji wenu ni mimi.

Naitwa Mativo. Ni seremala, Gikomba. Shule niliacha darasa la pili. Haya ninayosoma nimeyaandika mwenyewe kwa penseli ya kupigia mistari kwenye mbao, kwa hiyo nikikwama mnivumilie. Wameniambia nikae nitulie, ati kiti kinalia na nyinyi huko mnakisikia. Nitajaribu. Tangu mwaka jana kukaa kumenishinda.

Wameniambia pia nisitaje jina la kampuni. Sitalitaja. Wenyewe wanajijua.

Mke wangu aliitwa Nthoki. Nthoki Mativo. Kazi yake ilikuwa kupiga taipu. Alifariki mwaka jana, mwaka wa themanini na nne, wakati wa ile baridi ya mwezi wa saba. Alikufa kwa kifua. Lakini mimi nasema alianza kufa miaka mitatu kabla, siku alipofutwa kazi kwa kosa ambalo halikuwa lake. Hilo ndilo lililonileta hapa. Sikuja kulia. Nimekuja kusema kosa lilikuwa la nani.

Ngoja nianze mwanzo, maana naona mtangazaji ananiinulia nyusi.

Nthoki alizaliwa Mwala, kwa watu wa shamba. Mwaka wa sabini na moja aliletwa Jericho kwa shangazi yake, akaingizwa masomo ya jioni ya kupiga taipu. Mashine nyumbani hakuwa nayo. Dada yake mdogo, Kavata, anakumbuka. Kavata aliniambia hivi: "Huyo alikuwa anapiga taipu kwenye meza ya chakula. Vidole tu, tuk tuk tuk. Ugali unaletwa, yeye anaendelea. Shangazi anamwambia, 'Wewe, hiyo meza imekukosea nini?'"

Mimi nilikutana naye hukohuko shuleni. Niliitwa kutengeneza benchi zilizovunjika miguu. Nikamkuta ametulia mbele ya mashine, macho yamefungwa, midomo inacheza. Nikavua kofia. Nilidhani anasali.

Akafungua jicho moja. "Fundi, mbona umesimama kama uko kanisani?"

"Nakungoja umalize sala."

Alicheka mpaka mwalimu akachungulia. Kumbe alikuwa anahesabu herufi. Na hapa, wasikilizaji wapendwa, nisikilizeni vizuri, kwa sababu mkiachwa hapa, mbele hamtaelewa.

Karatasi yao ya ofisini ilikuwa na upana wa inchi nane. Mashine aliyofundishwa Nthoki ilikuwa ya herufi kubwa. Ya herufi kubwa maana yake ukiweka rula, ndani ya inchi moja zinaingia herufi kumi. Inchi nane, herufi themanini. Katikati ya karatasi ni wapi? Ni arobaini. Ukitaka jina la mtu likae katikati, unaipeleka mashine mpaka arobaini, kisha unairudisha nyuma hatua moja kwa kila herufi mbili za jina. Ukimaliza kurudi, unapiga. Jina linakaa katikati, kulia sawa na kushoto. Kwa hiyo wapiga taipu huhesabu majina kwa jozi. Herufi mbili, herufi mbili.

"Wewe unaitwa nani?" akaniuliza.

"Mativo."

"MA. TI. VO. Hakuna inayobaki. Na mimi NT, HO, KI. Hakuna inayobaki."

Nami kijana, nikaona mlango umeachwa wazi. Nikamwambia, basi tuyaandike pamoja.

Akatikisa kichwa. "Ukiyaandika pamoja kuna nafasi katikati yake. Na nafasi tupu nayo inahesabiwa, fundi. Ukiisahau, kila kitu kinaenda kombo."

Nilirudi Gikomba nikiamini nimekataliwa. Rafiki yangu Mbuthia, ambaye benchi yake iko karibu na yangu mpaka leo, alinicheka wiki nzima. "Amekukataa kwa hesabu! Wengine wanakataliwa kwa maneno, wewe kwa hesabu!" Lakini sikuwa nimekataliwa. Tulioana mwaka wa sabini na nne.

Nthoki akapata kazi katika kampuni moja huko Baba Dogo. Aliyepewa kazi ya taipu alipewa na nyumba. Ilikuwa nyumba ya mwisho kwenye safu ya wafanyakazi, chumba na jiko. Nikamtengenezea rafu ya mvule jikoni, maana kuta zilikuwa hazina hata msumari. Watoto wetu wawili walizaliwa tukiwa humo.

Na humo ndimo nilimosomea. Mimi mtu wa darasa la pili, nilisomeshwa na mke wangu kwa rula yangu mwenyewe ya chuma. Alikuwa anaiweka juu ya gazeti. "Mbao zako zina saizi, siyo? Mbili kwa nne, moja kwa sita. Herufi nazo zina saizi." Akanionyesha kwamba urefu wa herufi za magazeti na vitabu unapimwa kwa pointi, na pointi sabini na mbili ndizo inchi moja. Hicho kichwa cha habari pointi thelathini na sita, nusu inchi. Hayo matangazo ya vifo, pointi nane, utakodoa macho. Nikaanza kupenda kusoma kwa sababu nilikuwa napima.

Akanionyesha na jambo lingine. Kwenye kitabu, herufi i ni nyembamba kama msumari, inapewa nafasi nyembamba. Herufi m ni pana, inapewa nafasi pana. Kila moja kwa mwili wake. Lakini kwenye taipureta i na m zinapewa nafasi sawasawa. Ndiyo maana kwenye taipu i inaonekana imepwaya na m imebanwa.

"Kama nyumba za kampuni," Nthoki akasema. "Karani wa stoo anakaa peke yake, chumba kimoja. Sisi wanne, chumba kimoja. Meneja anagawa nyumba kama taipureta."

Alikuwa na mdomo, mke wangu. Alikuwa na mdomo.

Sasa nafika mwaka wa themanini na moja. Mtangazaji ananionyesha kwa kiganja nipunguze sauti. Nimepunguza.

Kampuni ilikuwa inafungua jengo jipya. Mkurugenzi mkuu alikuwa anakuja, na wageni wake, na chakula chini ya hema. Nthoki akapewa kazi ya kupiga ratiba ya siku hiyo, yenye jina la mkurugenzi juu. Alipewa jioni, watu wanatoka, meneja amesimama nyuma ya kiti chake anatikisa funguo za gari. "Haraka, mama, haraka."

Hakuna aliyemwambia kwamba Jumamosi iliyopita, yeye akiwa nyumbani anafua, meneja alibadilisha mashine. Alitoa ile ya herufi kubwa, akaweka ya herufi ndogo. Wenye kazi yao huziita paika na eliti. Rangi ile ile ya kijani. Mwili ule ule. Hata kifuniko kilikuwa kile kile. Tofauti ni kwamba ndani ya inchi moja, hii mpya inaingiza herufi kumi na mbili, siyo kumi. Alitaka karatasi zipungue. Herufi zikibanana, karatasi inabaki. Uamuzi wake. Na alipouamua, hakumwambia anayeitumia.

Hesabu basi, msikilizaji. Inchi nane mara kumi na mbili ni tisini na sita. Katikati siyo arobaini tena. Katikati ni arobaini na nane. Nthoki akaenda arobaini, kama vidole vyake vilivyozoea miaka yote. Mwisho wa mstari akasimama sabini, kama vilivyozoea.

Mtu atauliza, hakuona? Alikuwa anapiga kwenye stensili, ile karatasi ya nta. Kwenye stensili utepe wa wino unaondolewa, herufi zinachora nta tu. Huoni kitu, ni mikwaruzo. Aliniambia jioni ile, "Niliona herufi zimebana, nikadhani stensili ni mbovu. Na huyo mtu na funguo zake sikioni mwangu."

Asubuhi stensili ikapelekwa kuchapwa, zikatoka karatasi, zikapelekwa moja kwa moja hemani. Mkurugenzi anafungua, jina lake limesukumwa kando. Karatasi nzima imelalia kushoto, na kulia kumebaki uwanja mweupe. Akamuuliza meneja mbele ya wageni, "Mpiga taipu wenu alikuwa amelewa?"

Na meneja, wasikilizaji wapendwa, meneja aliyebadilisha mashine kwa mkono wake mwenyewe, akajibu, "Tutamshughulikia."

Walimshughulikia. Kazi ikaenda, na nyumba ikaenda na kazi.

Nthoki alirudi kuongea naye. Alichukua rula yangu ya chuma, ile ile ya kunisomeshea. Akaiweka juu ya ratiba mezani kwa meneja, akamwambia, "Hesabu mwenyewe, bwana. Ndani ya inchi ni kumi na mbili. Mashine imebadilishwa." Meneja hakuinama kutazama. Alisema, "Mama, mimi sina muda wa kuhesabu herufi." Mlinzi akamtoa. Kwenye geti vijana wa pale wakamwita mama pembeni. Mama pembeni! Mke wangu, ambaye alikuwa akitundika hata kalenda ukutani lazima apime kulia na kushoto.

Tukahamia Jericho, kwa shangazi. Nthoki akatafuta mashine kuukuu, akaweka meza nje karibu na soko. Akawa anapigia watu barua za kuomba kazi, kadi za harusi. Upepo, vumbi, baridi. Kazi haikumsumbua. Kilichomsumbua ni lile neno. Tukilala ananigusa bega. "Mativo, ni mashine. Siyo mimi." Namwambia najua. "Wewe unajua. Nataka mmoja wao aseme." Miaka mitatu alitaka kitu hicho kimoja tu, mmoja wao aseme. Hakuna aliyesema. Kifua kikaanza. Zahanati ya kampuni haikuwa yetu tena, na huko kwingine tulipanga foleni na wenzetu wengi mpaka akachoka kusimama. Akaniacha.

Ngoja ninywe maji.

Jeneza lake nilitengeneza mwenyewe, Gikomba. Mbuthia alinishikia mbao. Ilikuwa Ijumaa mchana, ibada ni kesho yake Jericho, halafu tumpeleke Mwala. Nikiwa napiga randa kifuniko, nikaona msichana anapita kati ya marobota ya mitumba amekumbatia bunda la karatasi. Akasalimia kwa heshima. "Shikamoo, baba. Poleni sana. Naitwa Waithera. Nimetumwa na kampuni. Wamesema wamechapisha ratiba ya mazishi, ni mchango wao. Meneja atakuja kesho kusema maneno mawili."

Nikakata kamba. Nikatoa karatasi ya kwanza.

Jina la mke wangu lilikuwa limesukumwa kando. Limelalia kushoto. Kulia, uwanja mweupe.

Nilichukua rula kwenye mfuko wa aproni, nikaiweka juu ya maneno. Nikahesabu mara moja, nikahesabu tena. Ndani ya inchi moja, herufi kumi na mbili.

"Nani amepiga hii?"

"Ni mimi, baba. Nimeanza juzi tu."

"Katikati ulienda ngapi?"

"Arobaini. Ndivyo tulivyofundishwa. Kwani..." Akaitazama karatasi vizuri, sasa iko juani, siyo ndani ya bunda. Uso ukamwisha rangi. "Mungu wangu. Imeenda kando."

"Na kabla yako alikuwapo nani?"

"Wasichana wawili. Mmoja baada ya mwingine. Wamefutwa kwa kazi mbovu."

Mmesikia? Nthoki wa kwanza, na baada yake wawili. Watu watatu wamefutwa na mashine moja, na yule aliyeileta bado amekalia kiti.

Mbuthia akatupa nyundo chini. "Mativo, usiziguse! Mungu amekuletea mwenyewe. Kesho huyo meneja akisimama, wewe simama na rula yako. Kanisa lote lihesabu. Safari hii atasema, atake asitake!"

Na mimi hicho ndicho nilichotaka. Nilizunguka lile jeneza sijui mara ngapi. Hapo mkononi nilikuwa na kile Nthoki alichokufa akikitaka.

Waithera akaanza kulia kimyakimya. "Baba, watanifuta. Nakaa na mama yangu kwenye nyumba yao. Tumehamia juzi, hata vyombo ndio kwanza tumepanga kwenye rafu."

"Nyumba gani?"

"Ile ya mwisho."

Ile ya mwisho, yenye rafu ya mvule jikoni. Mpiga taipu ndiye anayepewa ile nyumba.

Nikakaa juu ya jeneza la mke wangu. Nikaitazama karatasi. Nikajua meneja atafanya nini nikisimama kanisani na rula yangu. Hatainama kutazama. Atageuka amtafute huyu msichana kwa macho, aseme, "Tutamshughulikia." Na Jumatatu kitanda cha mama yake kitakuwa nje.

Nikamwita Mbuthia. "Nishikie mbao mbili zilizonyooka."

"Za nini?"

"Shika."

Tukalipanga lile bunda, tukalibana katikati ya mbao mbili kwenye jiriwa. Nikapima upande wa kulia. Kila kitu kilikuwa kimesogea kushoto kwa kiasi kimoja, jina na mistari yote. Kwa hiyo ukiondoa ule weupe wa kulia uliozidi, inchi moja na robo na unywele kidogo, karatasi inakuwa nyembamba na jina linarudi katikati. Nikapiga mstari kwa penseli. Nikakata kwa msumeno wa meno madogo, nikamalizia kwa randa. Maranda meupe ya karatasi yakaanguka pamoja na maranda ya mbao. Mbuthia alikuwa anasonya tu. "Unakata ushahidi wako mwenyewe, mjinga wewe." Lakini alishika mbao kwa nguvu, hakuziachia hata kidogo.

Nikafungua jiriwa. Nthoki Mativo. Katikati. Kulia sawa na kushoto.

Nikamwambia yule msichana, "Mashine yako ni ya kumi na mbili. Katikati yako ni arobaini na nane. Sema."

"Arobaini na nane."

"Tena."

"Arobaini na nane, baba."

Kesho yake meneja alikuja, suti nyeusi, akasimama mbele ya kanisa. Akainua ratiba. Akasema marehemu alikuwa mama mwenye bidii, ingawa, maneno yake haya, "ingawa kulikuwa na changamoto za kikazi." Kisha akatabasamu. "Tazameni ratiba hii ilivyo safi. Siku hizi ofisi yetu ina mpiga taipu anayejua katikati ni wapi."

Kavata alinishika mkono wa koti. Mbuthia alinishika ule mwingine. Nilikaa. Ndiyo mara ya mwisho nimeweza kukaa.

Lakini karatasi moja sikuikata. Kabla ya kupigilia misumari niliikunja, nikamwekea Nthoki mkononi, na ule weupe wake wa kulia. Nikamnong'oneza, "Ni kumi na mbili. Nimehesabu mara mbili. Ni mashine."

Mwaka mzima nimenyamaza. Mwezi uliopita Waithera alipata kazi kwingine, akahama na mama yake. Alinijia Gikomba, akasimama pale pale. "Sasa sema, baba," akaniambia. Nami nimesema.

Wasikilizaji wapendwa, natoa pole kwa watoto wangu, kwa shemeji yangu Kavata, kwa shangazi wa Jericho, na kwa watu wote wa Mwala. Natoa pole kwa wale wasichana wawili ambao sijui majina yao. Kama mnanisikia, haikuwa nyinyi. Ilikuwa mashine. Na nyinyi mnaokalia viti vikubwa, kabla ya kumfukuza mtu, inameni. Inameni tu mtazame ni nini mlichomwekea mbele yake. Rula haing'ati.

Mtangazaji ananionyesha saa. Namalizia.

Usiku sina usingizi, basi huwa nahesabu jina la mke wangu, kama alivyonifundisha, jina lake na langu pamoja. NT. HO. KI. Kisha inakuja ile nafasi tupu, nayo inahesabiwa, na inayohesabiwa pamoja nayo, jozi moja, ni M, herufi yangu ya kwanza.